Feza ya udongo wetu, tuione ku tovuti ya muji

Mwezi uliopita, mama mumoja mujane alikuja ku biro ya sindika. Bwana yake alitumika pamoja na sisi miaka 19 ndani ya mugodi, na sasa mama anafuata makaratasi juu ya haki ya watoto. Alihitaji atestasio moja ya komini, karatasi ya ukurasa moja yenye inasema paka hivi: huyu mama anakaa mu avenu hii, mu kartie hii. Siku ya kwanza walimwambia mwenye kutia sinyatire ametoka. Siku ya pili walimutajia bei. Siku ya tatu bei ilikuwa imepanda, na mutu wa ku giche hakuwa yule wa jana. Siku ya ine alilipa, akapata karatasi yake, lakini jeton ya malipo hakupewa.

«Ba baba, nyinyi munajua ma sheria,» alituambia. «Bei ya kweli ya ile karatasi ni franga ngapi?»

Tuliangaliana. Sisi ni ba delege. Tunajua kusoma mukataba wa kazi mustari kwa mustari, tunajua saa za nyongeza zinalipwa namna gani, tunajua nani anapashwa kulipa kaske na buti. Lakini jibu la ile swali ndogo hatukuwa nalo. Hakuna pahali bei iliandikwa: hapana ku mulango wa komini, hapana ku ukuta, hapana ku intaneti. Jina la komini hatulitaje, juu haiko moja tu, na juu wasomaji wengi watazani tunasema yao.

Kijana mumoja wa sindika alitoa simu yake, akatafuta tovuti ya muji mumoja, ile vijana wanaita «site». Tuliinama wote juu ya ekra. Kulikuwa picha ya mukubwa akikata utepe, picha yake akipokea wageni, na salamu za mwaka mupya, za mwaka wenye ulishapita zamani. Bei ya atestasio, hapana. Saa ya kufungua biro, hapana. Bajeti, hapana. Muzee mumoja akasema: «Kumbe hii ni kalendari ya ukuta. Na hata tarehe inakosa!»

Tulicheka, kisha tukakaa kimya. Juu jambo hili haliko la mama yule peke yake. Ni jambo la feza mingi yenye inatoka mu udongo wetu, na hapa chini tutalionyesha kwa hesabu.

Ubao wa ku mulango wa mugodi

Kila mutu mwenye anashuka mu mugodi anajua ubao wa matangazo. Mbele ya kuvaa kaske, unaangalia: ekipe gani inashuka, pahali gani leo watapasua baruti na saa ngapi, njia gani imefungwa, nani iko shefu wa zamu. Kama siku moja ungekuta pale paka picha ya direkteri akicheka, hungeshuka. Ungeuliza: nitajua namna gani pahali pa hatari?

Tovuti ya muji ni ubao sawa ule. Inapashwa kufanya kazi tatu. Ya kwanza ni kusema bei na masharti: karatasi hii inagarimu hivi, leta kitu hiki na kile, utaipata kisha siku hizi. Ya pili ni kusema feza: ngapi iliingia, ngapi ilitoka, ilijenga nini, nani alipewa kazi. Ya tatu ni kujibu: ukipeleka mashitaka upewe namba, na ujue nani atajibu na siku gani. Picha ya meya inaweza kukaa pale, hatukatae. Lakini ije nyuma ya hizi tatu.

Hii haiko ndoto. Kuna miji ya migodi, na pahali pengine pa karibu na sisi, wenye wamejaribu. Wengine walifaulu. Wengine walifaulu kwanza, kisha wakaanguka, na kuanguka kwao kunafundisha kushinda kufaulu.

Muji wenye unahama

Kule Uswidi, kaskazini sana, pahali mu mwezi wa 12 jua halitoke, kuna muji wa Kiruna. Chini yake kuna chuma, na kompani ya Leta, LKAB, inakichimba tangu zaidi ya miaka 100. Kwa kufuata chuma kwenda chini, udongo wa juu ulianza kupasuka kuelekea nyumba za watu. Mwaka 2004 ilijulikana wazi: muji utapashwa kuhama. Biro mupya ya muji ilifunguliwa 2018, katikati mupya ya muji mwaka 2022. Mu mwezi wa 8 wa 2025 walibeba kanisa lao la mbao, la mwaka 1912, likiwa zima, juu ya magurudumu, kilometre 5 hivi, kwa siku mbili.

Picha ya kanisa linatembea ilizunguka dunia yote. Sisi tuliangalia kitu kingine. Mu inchi ile, plani ya kubomoa na kujenga haiwezi kupita kama haikutangazwa kwanza. Komini inaitia ku tovuti yake pamoja na ramani: nyumba gani zitaondoka, pahali gani patajengwa zingine. Inapana muda. Mwenye nyumba anaandika maneno yake, na komini inapashwa kuonyesha kwa maandishi ilifanya nini na maneno ile. Tena sheria yao inasema, mwenye kunyanganywa nyumba analipwa bei ya soko na kuongeza 25 kwa mia. Kila mutu anaijua ile namba. Hakuna mutu wa kupita usiku kunongoneza bei nyumba kwa nyumba.

Hatuseme watu wote wa Kiruna wanafurahi. Wengi walililia nyumba za utoto wao, na nyumba mupya zinalipisha zaidi kila mwezi. Lakini walilia wakiwa na ramani mu mikono.

Wenye kuishi Kolwezi wanaelewa sababu gani tumeanza na habari hii. Tunaijua kartie ya Kasulo, pahali watu walichimba kobalti ndani ya parseli zao, na kisha wengine walihamishwa. Tunajua maana ya kusikia habari ya nyumba yako mwenyewe kwa jirani, na jirani aliisikia ku soko.

Watu 172,000, kisha 25,000

Sasa twende Brazil, mu jimbo la Minas Gerais. Ile «Minas» ya jina, kwa Kireno, ni migodi. Muji mukubwa wa pale ni Belo Horizonte. Tangu 1993, muji ule unaita wakaaji mu mikutano ya kartie ili wachague kazi gani zijengwe na sehemu ya bajeti. Mwaka 2006 waliongeza njia mupya: kuchagua ku intaneti.

Walifanya hivi. Muji una sehemu 9. Kwa kila sehemu, waliandika ku tovuti kazi 4 zenye zinaweza kujengwa, na maelezo yake. Mukaaji aliingiza namba ya karte yake ya uchaguzi, kisha akachagua kazi moja kwa kila sehemu. Feza yenye walitia pembeni ilikuwa reais milioni 20 hivi. Na juu walijua kwamba masikini hana ordinateri, waliweka ordinateri mu kartie, mu majengo ya watu wote, mama wa soko aingie achague pale bila kulipa.

Watu zaidi ya 172,000 walichagua. Mu 2008 walirudilia, mara hii hata kwa simu ya bure, ili kuchagua kazi moja kubwa ya barabara kati ya 5. Wakaja zaidi ya 124,000. Mu 2011 wakaja 25,000 hivi tu.

Intaneti haikupunguka kati ya 2006 na 2011, iliongezeka. Basi nini ilipunguka? Wenye kuchunguza habari ile wanataja sababu mingi, lakini moja inarudia-rudia. Kazi yenye ilishinda mu 2008, ya kutengeneza masangano ya barabara ya Praça São Vicente, miaka ilipita bila kujengwa. Mutu alichagua, akashinda, na kila asubui anapita pale na bisi, anaona magari yanasongamana sawa mbele. Utamwita tena na uso gani?

Sisi watu wa sindika hatuhitaji mwalimu wa kutuelezea ile. Tulishaona mugomo wenye uliisha na karatasi nzuri yenye sinyatire ya pande zote, na hakuna mustari hata moja yenye ilifuatwa. Mara ya pili ukipiga filimbi, watu wanabaki ku nyumba. Njo vile na tovuti: haiuwawe na umeme wenye kukatika, inauwawa na ahadi yenye haikutimia.

Karibu na sisi: simu ya butoni

Kuna wenye watasema: Uswidi ni feza, Brazil ni mbali. Vema. Tuje mu Kongo yetu. Kuanzia 2010 hivi, mu Sud-Kivu, komini tatu za Bukavu, Ibanda, Kadutu na Bagira, na tena Luhwindja, shefferi yenye iko na zahabu, zilikuwa kati ya wenye kujaribu bajeti ya kushirikiana na wakaaji. Benki ya Dunia iliwasaidia.

Hawakuanza na tovuti. Walianza na mesaji ya simu, SMS ya kawaida, yenye inafika hata mu simu ya butoni. Mesaji ilisema: mukutano ni siku hii, saa hii, pahali hapa. Wakaaji waliweza kutuma chaguo lao kwa mesaji. Kisha mesaji ingine ilirudi kuwaambia kazi gani zilichaguliwa. Benki ya Dunia iliandika kwamba kisha pale takse za komini zilianza kuingia zaidi, juu watu waliona zinafanya nini.

Hatushangae. Takse haimupendeze mutu. Lakini mutu hakatae kulipia daraja lenye anapita juu yake.

Tunasema hii ili musizani kwamba tovuti ni mashine ya kununua kwa feza mingi ku kompani ya mbali. Chombo kinaweza kuwa ekra, simu, karatasi. Kitu cha maana ni habari yenye inaenda na jibu lenye linarudi.

Hesabu ya 15 kwa mia

Tufike sasa ku feza. Sheria ya migodi yenye ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa 3 mwaka 2018 inagawanya redevansi mu mafungu ine. Redevansi ni sehemu yenye kompani inalipa juu ya bei ya madini yenye inauza. Fungu la 50 kwa mia linaenda ku Leta, Kinshasa. Fungu la 25 kwa mia linaenda ku jimbo. Fungu la 15 kwa mia linaenda ku komini, muji, sekteri ao shefferi ya pahali mugodi uko. Na 10 kwa mia inawekwa mu mufuko wa vizazi vya kesho. Tena sheria inasema, ile 15 ilipwe ku konti yenye komini yenyewe imeonyesha. Haina lazima kupitia Kinshasa kwanza.

Tuhesabu kwa mufano. Kompani inauza kobalti ya dola 1,000,000. Kobalti iliwekwa mu madini ya strateji mwisho wa 2018, na redevansi yake ni 10 kwa mia: dola 100,000. Mu ile 100,000, fungu la 15 kwa mia ni dola 15,000. Kama ni shaba ya dola 1,000,000, redevansi ni 3.5 kwa mia: dola 35,000, na fungu la 15 kwa mia ni dola 5,250. Ile ni kwa milioni moja tu. Mwenye kusimama ku barabara ya Kasumbalesa na kuangalia ma kamio zinapita, aendeleshe hesabu mwenyewe.

Mbali na redevansi kuna ingine: 0.3 kwa mia ya mauzo, yenye kompani inapashwa kutoa kwa maendeleo ya watu wa pahali inachimba.

Kuingia kwa ile feza kunaweza kufuatwa. Kongo iko mu ITIE, na ripoti zake zinaonyesha malipo ya kompani. Giza inaanza nyuma ya pale. Mu komini zenye sisi tunaishi, mpaka leo hatujaona pahali pameandikwa: miezi hii mitatu redevansi ilikuwa hii, tulijenga darasa hizi, mwenye kujenga alilipwa hivi, ilibaki hivi. Tunaona ukuta mupya, hatujui uligarimu nini. Tunaona shimo la fondasio limejaa maji ya mvua, watoto wanaogelea ndani, hatujui feza ilisimama wapi.

Njo pale maneno inazaliwa. Mumoja anasema burgumestre alikula. Mwingine anasema kompani haikulipa. Wa tatu anasema ni watu wa jimbo. Burgumestre mwenyewe pengine ni mutu wa haki, lakini hana namna ya kujitetea, juu hakuna karatasi ya kuonyesha. Giza haichague: inachafua mwizi na mutu wa haki sawasawa.

Tunaomba nini

Hatuombe mapambo. Ukurasa moja inatosha kwa kuanza. Uandikwe mu Kifaransa na mu Kiswahili. Uwe mwepesi, juu mega tunanunua na makuta yetu, na ile mapicha makubwa ya kukata utepe inakula mega mbele hujasoma hata neno.

Ukurasa ule useme kwanza bei ya kila karatasi, na siku ya kuipata. Useme kila miezi mitatu redevansi ngapi iliingia na ilifanya nini, pamoja na picha ya kazi yenyewe: leo fondasio, kesho ukuta, kisha mabati. Uweke namba moja ya simu ya mashitaka, na kila shitaka lipewe namba yake. Malipo ya atestasio yapite kwa simu, sawa vile tunalipia mambo mengine tayari, juu mesaji ya malipo ni jeton yenye hakuna mutu wa giche anaweza kukukatalia. Na kuwe mutu mumoja wa komini mwenye kuchunga ukurasa ule, sawa vile kila mugodi una mutu wa usalama. Tovuti yenye haina mwenyewe inakufa mu miezi mitatu.

Tena, kila kitu chenye kiko ku tovuti kibandikwe pia ku mulango wa komini na ku biro ya shefu wa kartie, na kisomwe ku radio. Wamama wetu wengi hawana simu ya ekra. Umeme unakatika. Tovuti bila karatasi ya ukuta ni mulango mupya wenye wachache tu ndio wako na ufunguo.

Mukubwa mwenye atasema intaneti ni mambo ya wazungu, tutamukumbusha kwa heshima kwamba inchi yetu iko na kodi ya numeriki tangu tarehe 13 mwezi wa 3 mwaka 2023. Sheria zimesha andikwa. Kazi ndio inakosa.

Na sisi je?

Maandishi haya tuliyasoma mu mukutano wa sindika mbele ya kuyaleta ku gazeti. Kijana yule wa simu alinyoosha mukono. «Ni muzuri,» alisema. «Lakini ile kotizasio yetu yenye inakatwa ku mushahara kila mwezi, yeye iko ku ubao gani?»

Kimya. Muzee wa kalendari alikohoa, akaangalia chini.

Kijana alikuwa na haki. Tangu mwezi huu, hesabu ya sindika yetu inabandikwa ku mulango wa biro, karatasi mbili zenye kuandikwa na mukono: iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mistari mbili zilitupatia haya. Tuliziacha vilevile. Kisha tulipiga picha, tukaituma ku grupu ya WhatsApp ya wafanyakazi. Jioni ile simu zetu hazikupumuzika: huyu anauliza hii, yule anauliza ile. Ilichokesha, lakini siku tatu nyuma, watu wawili wenye walikuwa wameacha kulipa kotizasio walirudi.

Ile picha tuliiongeza ku barua yenye tulipeleka ku komini, kuomba bei ya atestasio kwa maandishi. Mama mujane alitia sinyatire wa kwanza, sisi nyuma yake. Walipiga kashe na tarehe juu ya kopi yetu. Tunangojea, na tutawaambia hapa jibu lenye litatoka.

Wewe pia, musomaji, siku utafika ku giche, uliza mambo matatu tu. Bei imeandikwa wapi? Jeton yangu iko wapi? Feza ya 15 kwa mia ilifanya nini? Uliza kwa heshima, lakini uliza kwa sauti, ili hata wenye kusimama nyuma ku mustari wasikie.